Jina la Bibi Ubaoni

Bibi yangu mzaa baba ndiye mwanamke wa kwanza duniani kupanda kahawa kwa mguu wake mwenyewe. Nasema duniani kwa kuwa mwenye ushahidi wa kunipinga hajajitokeza mpaka leo, na habari hii nimeisema Iyula, Vwawa, Tunduma na ng'ambo Nakonde, tena kwa sauti ya muuza vitenge. Dunia ikipata aliyemtangulia, nitanyamaza. Kwa Iyula, kijijini kwetu, sihitaji kusubiri dunia. Hapo hata waliomchukia wanakubali.

Nieleze kidogo kwa wasiolima kahawa. Siku zile mwanamke ndiye aliyechimba shimo. Ndiye aliyebeba samadi kichwani, ikamtiririkia shingoni, na ndiye aliyekwenda kitaluni kuchukua miche na kuipanga kando ya mashimo kama watoto wa shule mstarini. Hapo sasa mume aliitwa. Akaja kutoka alikokuwa, mara nyingi kilabuni, akashika mche, akautia shimoni, akafukia, akashindilia udongo kwa mguu mara mbili tatu, basi. Akarudi alikotoka. Mguu ulioshindilia ndio wenye mti, na mwenye mti ndiye mwenye ardhi. Wanawake waliachiwa mahindi na maharage kwa sababu hayo yanakwisha na msimu wake. Mti wa kahawa unamzika mtu na mtoto wa mtu, kwa hiyo mguu wa mwanamke haukutakiwa karibu nao.

Babu alikuwa ng'ambo, kwenye migodi ya shaba, kama wanaume wengi wa kwetu wa rika lake. Mvua ilikuwa imekolea, mashimo yamejaa maji, miche inaanza kugeuka njano. Mashemeji wa Bibi walimwambia asubiri mume. Akasubiri. Wakamwambia asubiri tena. Asubuhi moja akaamka, akaingia shambani peke yake, akapanda mche baada ya mche na kuushindilia, mpaka jua lilipokuwa linazama nyayo zake zilikuwa zimeshika udongo kiasi cha kufinyanga chungu. Wazee wakapitisha uamuzi kwamba miti ile itakauka, maana haijawahi kuonekana. Wakangoja ikauke. Msimu wa kwanza wa kuzaa, nisiongope, matawi yaliinama mpaka yakahitaji magongo ya kuegemea, na mzee mmoja miongoni mwa waliopitisha uamuzi alikuja kuomba mbegu.

Babu aliporudi alinuna siku tatu. Siku ya nne alikwenda kuipalilia.

Lakini kilichomtoa Bibi nje ya ua wake ni jirani. Mwanamke huyo alifiwa na mume akiwa na watoto wadogo, na matanga hayajaanuliwa sawasawa, shemeji yake akaja na wazee kutamka kwamba shamba linarudi kwa ukoo na mjane atafuata shamba, yaani atarithiwa pamoja na majembe. Bibi alikuwa amekaa jikoni na wanawake wengine. Akatoka. Hakuna mwanamke aliyekuwa ametoka jikoni wakati wazee wanaongea, na wenyewe walishangaa mpaka wakasahau kumfukuza. Akawaomba waende wote shambani. Huko akamwambia yule shemeji, kwa heshima zote, akiwa amepiga goti:

"Baba, tuoneshe mti mmoja tu ulioushindilia."

Yule bwana alizunguka. Alipita mistari yote ya kahawa, viatu vikajaa tope, akarudi, akaenda tena. Mwishowe akaonesha mti mmoja wa pembeni. Mjane akasema mti ule aliupanda mwenyewe, siku mama yake alipokuja kumtazama akiwa mjamzito, na mume akiwa amelazwa na homa. Akaonesha na jiwe alilokalia mama yake. Mzee mmoja akacheka, kisha wote wakacheka, na mtu akishachekwa na wazee wenzake shambani hana tena baraza la kurudia. Mjane akabaki na shamba lake.

Tangu hapo Bibi hakukaa. Walimfuata kutoka vijiji vyote vya Mbozi, wakamfuata kutoka Mbebe kule Ileje milimani, na yeye alikwenda kwa miguu. Bibi yangu ametembea, kwa hesabu yangu mwenyewe, mara mbili ya umbali wa kwenda mwezini, na sehemu kubwa ilikuwa kupanda mlima. Hakuwa na chama wala mhuri. Alikwenda, akakaa jikoni na mwenye shida, akasikiliza, kisha akaenda barazani na kuuliza swali moja au mawili. Alilipia. Kanisani alizuiwa kushiriki meza ya Bwana mwaka mzima kwa kosa la kufarakanisha nyumba za watu. Alihudhuria kila Jumapili ya mwaka huo, akakaa benchi la mbele, na akaimba kuwashinda kwaya.

Sasa mtaelewa aibu ninayotaka kusimulia, maana niliifanya mimi.

Mimi ni mfanyabiashara wa vitenge Tunduma, karibu kabisa na mpaka, mahali ambapo malori yanapanga foleni ndefu kiasi kwamba dereva anaweza kuoa, kuzaa na kumwandikisha mtoto darasa la kwanza kabla hajavuka. Shule niliiachia darasa la saba. Nikiwa mtu mzima mwenye watoto watatu nilijiunga na masomo ya jioni, yale ambayo watu wanayaita shule ya usiku, nikafunga duka saa kumi na moja kila siku kwa miaka minne, nikamaliza kidato cha nne. Binti yangu ndiye alikuwa ananisahihishia hesabu, na alikuwa mkali. Cheti nimekitundika dukani juu ya vitenge vya nta, na wateja wangu wa kutoka Zambia wakinisalimia "Mulishani, mayo", yaani hujambo mama, nawajibu salama kabisa huku nikisogea kidogo ili wakione.

Kwa hiyo siku Bibi aliponipigia simu kwamba wapimaji wa ardhi wamefika kijijini, kila shamba linapimwa, linaandikwa na mwenyewe atapewa hati, na kwamba anataka mimi nikamwandikie, nilijiona nimeitwa Umoja wa Mataifa.

Alikuwa na sababu ya haraka. Kila mtu pale kijijini aliliita lile shamba shamba la baba mkubwa. Baba mkubwa ni kifungua mimba wa Bibi. Alikwishapewa shamba lake na babu alipooa, kubwa, zuri, ng'ambo ya kijito, na baba yangu naye alipewa lake kabla hajafariki. Hili la Bibi lilikuwa la Bibi. Lakini mama akizeeka, kwa desturi yetu, shamba lake linamwangukia mwanawe wa kwanza kama jani, bila mtu kulisukuma. Na pale nyumbani kwa Bibi alikuwa anaishi shangazi yangu, binti yake wa mwisho. Shangazi alirudi kutoka kwa mume miaka kumi na moja iliyopita, akiwa na mfuko mmoja wa nguo na mkono uliovunjika. Yeye ndiye anayechuma kahawa ile, anaimenya, anaianika, na ndiye anayempikia Bibi na kumwogesha. Watoto wa kiume wa baba mkubwa walikuwa wameanza kupita pale wakipima kwa hatua, wakiongea kwa sauti kuhusu nani atajenga wapi. Shangazi aliwakaribisha viti na kuwapikia.

Bibi aliniambia siku niliyofika, kabla sijaweka mzigo chini: "Mke mwenzangu, nikifa bila karatasi, huyu mwanangu atalala barabarani. Nimewasimamia wanawake wa watu, wangu nitamwacha hivi?"

Ananiita mke mwenzangu kwa sababu babu alikuwa ananiita mke wake. Nikamwambia asihofu, msomi amefika.

Asubuhi ya kupima kulikuwa na baridi ya kugandisha chai mdomoni. Wapimaji walizunguka na kile kidude chao cha mkononi, majirani wakasimama mipakani, kamati ya ardhi ya kijiji ikahakiki. Bibi alizunguka shamba lote kwa fimbo, akakataa kushikwa. Tulipofika kwenye kujaza fomu wengine wakawa wanasubiri kuandikiwa na mtendaji. Sisi hatukusubiri. Nilivuta kalamu yangu mwenyewe, ya wino wa buluu, nikaketi, nikajaza kwa mwandiko ambao mwalimu wangu wa Kiswahili aliwahi kusema unafaa kuchapwa kwenye noti.

Sehemu ya kwanza iliuliza jina la mmiliki.

Nikaandika.

Niliandika jina ninalomjua nalo, jina ambalo kijiji kizima kinamwita: Mama Fulani. Fulani ni jina la baba mkubwa, ambalo silitaji hapa. Nikaongeza ubini wa babu, nikapiga mstari chini kwa rula. Bibi akaweka dole gumba. Mtendaji akauliza kitambulisho, tukatoa kadi yake ya kupigia kura, nayo iliandikwa vivyo hivyo, Mama Fulani, na mtu aliyekuwa na haraka kama mimi. Vikalingana. Nikajisifu njia nzima mpaka Tunduma.

Mtaniuliza, msomi mzima, hukujua jina la bibi yako? Sikujua. Mimi nilimwita Bibi. Baba alimwita Mama. Babu mpaka anaingia kaburini alimwita mama wa kifungua mimba wake. Mashemeji, majirani, mchungaji, wote hivyo hivyo. Na kwetu kumuuliza mtu mzima jina lake ni kama kumuuliza amebakiza siku ngapi. Halikuwahi kunipita akilini kwamba alikuja pale akiwa msichana mwenye jina.

Orodha ilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, ikae siku zake, mwenye pingamizi alete. Bibi hasomi. Shangazi anasoma kwa shida, na alikuwa na kahawa ya kuanika. Mimi nilikuja mwishoni mwa wiki ya tatu, kwa lengo moja tu, kuutazama mwandiko wangu umegeuka chapa. Nikapita majina kwa kidole. Nikafika namba ya shamba letu.

Lilikuwa jina la baba mkubwa. Jina lake na ubini wa babu, safi kabisa.

Nilidhani macho. Nikasafisha miwani kwa upindo wa kitenge. Nikaenda kwa mtendaji, akanitolea fomu yangu, ile ya mstari wa rula, na kunieleza bila hila yoyote: karani alipochapa aliliona neno Mama, akaliona ni kama Bwana na Bibi, halikubaliki kwenye nafasi ya jina, akaliacha. Kilichobaki ndicho kilichopo. Hakuna aliyeiba shamba la bibi yangu. Nilikuwa nimeliandika mimi, kwa wino wa buluu.

Nilitoka pale. Njiani nikakutana na baba mkubwa anatoka kwenye mashine ya kumenyea. Nikamwamkia. Nikamuuliza kama ameuona ubao.

"Nimeuona," akasema.

"Na ukanyamaza, baba?"

Alitazama ndoo yake. "Nani aliandika, binti? Si wewe msomi wetu? Nikajua ndivyo mlivyokubaliana na mama."

Baba mkubwa si mtu mbaya. Ni mzee wa kanisa, mpole, hajawahi kumpiga mtu. Lakini niliona namna alivyoshika ile ndoo, kama mtu aliyeletewa chakula asichoagiza na ambaye kwa kweli ana njaa.

Kumwambia Bibi kulinichukua mchana mzima. Nilichota maji ambayo hayakuhitajika, nikafagia ua uliofagiliwa. Mwishowe nilikaa chini miguuni pake nikasema yote. Shangazi alikuwa mlangoni na ungo wa maharage. Aliuweka ule ungo chini, taratibu, kana kwamba si wake.

Bibi aliutazama ule ungo. Kisha akasema, "Umenizika nikiwa nasikia, mke mwenzangu."

Nikalia, mimi ninayepigana na madereva wa malori. Akaningoja nimalize. Nilipomaliza nikafanya ambalo sijawahi kulifanya, nikamuuliza jina lake. Akanivuta sikio akanitia jina ndani. Ni zuri. Ni jina la Kinyiha lenye mvua ndani yake. Hapa sitaliandika, kwa maagizo yake mwenyewe: amesema ubaoni na kwenye hati panatosha, wasomaji wa vitabu hawana shamba naye.

Mtendaji alisema pingamizi linawezekana, ila litapelekwa mkutano mkuu wa kijiji, siku mbili kabla ya orodha kubanduliwa. Kadi haisaidii. Ndugu zake wa kuzaliwa, waliokuwa upande wa Mbangala, wamekwisha. Tulete watu wa kuthibitisha kwamba jina lile ni la mwanamke huyu na kwamba shamba ni lake. Nikamuuliza Bibi nani analijua jina lake. Akasema, "Waulize niliopanda nao." Nikazunguka siku mbili nzima, nyumba kwa nyumba, kwa vikongwe ambao mdogo wao ana umri wa mlima Rungwe. Kila mmoja alinisikiliza, akanipa viazi, akasema atakuja. Hakuna hata mmoja aliyeniambia anajua nini.

Siku ya mkutano watu walijaa uwanja wa ofisi. Watoto wa kiume wa baba mkubwa walikuwa mstari wa mbele, wamenyoa. Baba mkubwa alikaa nyuma yao, kofia mkononi. Bibi aliletewa kiti. Shangazi alisimama nyuma ya kiti. Pingamizi letu lilisomwa. Mmoja wa wale vijana akasimama na kusema, kwa heshima, kwamba Bibi ni mzee, huenda anachanganya, na kwamba jina hilo jipya hakuna aliyewahi kulisikia. Watu wakanong'ona. Nami moyoni nikasema, ni kweli, hata mimi nimelisikia juzi.

Mwenyekiti akauliza kama yuko anayelijua.

Akainuka yule mjane. Yule yule wa shemeji na viatu vya tope, sasa kapinda kama mundu, anashikiliwa na wajukuu wawili. Akalitaja jina. Jina na la baba yake Bibi. Akalitaja kwa sauti ambayo sikuitegemea kutoka kwenye mwili ule.

Mwenyekiti akamuuliza amelijuaje.

"Alikuja kunisaidia kupanda mistari mipya baada ya wazee kuniachia shamba," akasema. "Mti wa kwanza alipanda yeye, mimi naangalia. Kila aliposhindilia alisema jina lake, alilopewa na baba yake. Akaniambia nawe ukishindilia sema lako, kwa nguvu, jirani asikie. La mume liache, la mtoto liache, hao wana miguu yao. Ule mti upo. Kahawa yake huwa nampelekea."

Akakaa. Akainuka mwingine, wa kutoka kitongoji cha juu, akalitaja jina. Akainuka wa tatu. Yule wa tatu haoni, akamtajia mwenyekiti jina la Bibi na bila kuombwa akaongeza la kwake mwenyewe, nalo watu hawakuwa wanalijua, hata mkwewe aliyekuwa amemshika mkono akageuka kumtazama. Walisimama kumi na wawili. Mimi huwa nawaambia watu arobaini, lakini hapa nimekwisha kuwa na aibu ya maandishi: walikuwa kumi na wawili, na uwanja mzima ulikuwa unasikia kila kikohozi.

Kijana yule alikuwa bado amesimama. Akasema sawa, jina ni lake, lakini shamba ni la familia, na mkubwa wa familia yumo kwenye orodha. Mwenyekiti akasema basi mkubwa mwenyewe aseme.

Baba mkubwa alichukua muda kuinuka. Nilimtazama Bibi. Alikuwa anatazama mbele, hamsaidii, hamzuii. Shangazi alikuwa ameinamisha uso. Kwetu mtu hatamki jina la mama yake mzazi, hata akiwa na mvi, na baba mkubwa ana mvi mpaka nyusi.

"Mimi siwezi kulitamka," akasema. "Mnajua. Nimelisikia leo kwa mara ya kwanza kama nyie." Mwanawe akamgusa koti, yeye akautoa ule mkono polepole. "Nilipoona jina langu ubaoni nilifurahi. Nisiwadanganye watu wazima. Lakini mguu wangu haujashindilia mti hata mmoja mle ndani. Mkiniambia nioneshe, nitachafua viatu bure. Futeni langu. Andikeni hilo mlilosikia."

Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Hakuwepo. Mtendaji akaleta kalamu, na mimi nikamwomba, kama ingewezekana, aandike yeye. Akamuuliza Bibi kama anataka jina jingine liandikwe pamoja na lake, maana nafasi ipo. Bibi akamtaja shangazi. Alimtaja kwa jina lake kamili, lile la ubatizo na lile la ukoo, na halikuwa na mtoto wala mume ndani yake. Shangazi akaweka sahihi. Ilimchukua muda, na hakuna aliyemharakisha.

Mkutano ulipofungwa watu hawakuondoka. Wanawake walikuwa wamesogea ubaoni, wanatafuta. Aliyejua kusoma akawasomea wasiojua, na kilichotoka mle kilikuwa ni majina ya waume, ya watoto, ya wengine waliokwisha kufa. Mama mmoja akagundua shamba lake limeandikwa kwa jina la mtoto wake wa kiume aliye darasa la tatu. Mtendaji alifungua tena ofisi yake. Nilikaa naye mpaka jua likapungua, kila anayekuja namuuliza kwanza, kwa sauti ya chini na kwa adabu, jina lako ulilopewa na baba yako ni lipi, mama. Wengine walicheka kwanza. Wengine walifunika mdomo na khanga. Wote walilisema. Mke wa baba mkubwa alikuja wa mwisho, akiwa na mumewe nyuma yake, na baba mkubwa ndiye aliyeniambia, "Huyu naye mwandike kwangu, mstari wa pili. Uliza mwenyewe jina, mimi nitakosea."

Nikitembea sasa Iyula naona mashamba ambayo Bibi yangu hakuyamiliki na hakuyapima, na najua kwa majina ni ya nani. Watu wa mjini hupenda kuniuliza kama alisomea haya mambo ya haki za wanawake, kama alihudhuria semina. Nawaambia alihudhuria kahawa.

Kesho yake nilikuwa nirudi Tunduma na gari la asubuhi. Nilipotoka nje na begi, shangazi alikuwa uani amekunja gauni mpaka magotini, na kamba ya katani, na vigingi alivyovichonga mwenyewe. Miaka kumi na moja alikuwa analala kwenye chumba cha jikoni cha mama yake, hakuwahi kupigilia hata msumari ukutani. Alinipa ncha moja ya kamba bila salamu.

"Shika hapo, msomi. Usisogee."

Akatembea hatua zake, akanyoosha kamba, akachomeka kigingi. Bibi alikuwa ametolewa kwenye kiti chake juani, blanketi mabegani, anatazama. Akauliza hiyo ni nyumba au banda la kuku. Shangazi akasema ni vyumba viwili, mama, vinanitosha. Bibi akamwambia ang'oe kigingi, aongeze chumba kimoja, na cha sebule kiwe kikubwa, wageni wanakuja. Shangazi akakitazama kile kigingi. Kisha akaking'oa, akahesabu hatua nne kuelekea kwenye kahawa, akakipiga upya kwa jiwe. Mimi nilibaki nimeshika kamba, gari likapita barabarani, nikalisikia, nikaliacha liende.